UZI: Unataka vipepeo nyumbani? Anza na jani, si ua

MdimuWaMsabaha

Wadau, salaam. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu, nilitaka kwanza niwe na la kusema. Nafuga vipepeo hapa Msabaha, kati ya Malindi na Gede, tangu 2019. Kila wiki lazima mtu aniulize: "Nipande maua gani ili vipepeo waje?" Nami kila wiki najibu kwamba swali limeanzia mkiani.

Kipepeo akipita kwenye ua hunywa akaenda zake, kama msafiri aliyeshuka kwenye basi kwa kikombe cha chai. Ua halimfungi. Linalomfunga, hata miezi ijayo uwaone wanawe na wajukuu, ni jani la kutagia mayai. Na hatagi popote. Kaa kimya karibu na mdimu saa nne asubuhi umtazame jike: anatua, anagonga jani kwa miguu ya mbele haraka haraka, anaruka, anagonga jingine. Anaonja kwa miguu. Akilikuta jani analolitafuta, anapinda tumbo na kuliachia yai moja, dogo kama kichwa cha pini, manjano hafifu. Jani likiwa silo, hatagi hata ukimwekea bustani nzima ya maua.

Mimi nililijua hili kwa uchungu. Nilikuwa na miche ya ndimu ya kuuza, kama sitini hivi, kwenye kitalu nyuma ya jiko la mama. Asubuhi moja nikakuta mingi imeliwa, kimebaki kile kishipa cha katikati ya jani. Nikanunua dawa, nikapuliza. Jioni viwavi walikuwa chini wamejikunja. Mtoto wa dada yangu akaokota mmoja aliyekuwa bado anatikisika, akamtia kwenye chupa ya plastiki pamoja na tawi lisilopulizwa, akafunika kwa kipande cha chandarua. Kila asubuhi akawa anamletea jani. Sikumkataza, nilidhani atachoka.

Hakuchoka. Siku moja baada ya swala ya alfajiri alinivuta mkono. Kwenye kile kijiti alikuwa ananing'inia kipepeo mweusi mwenye madoadoa manjano, mabawa yamelegea kama kitambaa kilichotoka kukamuliwa. Tulikaa pale karibu saa nzima. Mabawa yakajaa taratibu kutoka mwilini kuelekea ncha, yakanyooka, na chini kukawa na tone moja la maji ya rangi ya udongo. Kisha akaruka juu ya paa la makuti. Huyo ndiye Papilio demodocus, kipepeo wa ndimu, ambaye sote Malindi tumekua tukimwona. Na mimi nilikuwa nimeua wenzake wote kwenye kitalu kile, bila kujua kwamba ndio wale wale ninaowasifu wakipita uani.

Basi yafuatayo ni yale ninayoyafanya sasa.

Kipepeo wa ndimu anataka hasa jamii ya ndimu: mdimu, mlimau, mchungwa, mdanzi. Mimi nimetenga miche ishirini ambayo siiuzi, hiyo ni yao. Yule mwenye rangi ya machungwa iliyoiva na ncha nyeusi zenye doa jeupe, anayeruka polepole kana kwamba haogopi kitu, ni Danaus chrysippus. Yeye anataka mimea yenye utomvu mweupe, hasa ule mkubwa wa majani manene ya kijivu unaoota wenyewe kando ya barabara na pwani, wengine huuita mpamba mwitu. Haogopi kwa sababu kiwavi wake hula ile sumu ya utomvu akaihifadhi mwilini, na ndege akimwonja mara moja harudii. Ninyi mkiukata mmea huo, nawaomba, msijiguse macho kabla ya kunawa. Utomvu wake unaumiza macho vibaya sana.

Wale weupe wenye rangi kidogo ya kijani, wanaopita makundi makundi baada ya mvua wote wakielekea upande mmoja, wengi ni Catopsilia. Hao hutaga kwenye mwingajini. Ndiyo, huo huo mwingajini tunaoung'oa kila siku tukisema unanuka. Mimi nimeuacha kona moja nyuma ya choo, na mwaka jana mwezi wa Mei ile kona ilikuwa inatembea.

Na kuna wakubwa wa msituni, Charaxes, wenye mabawa magumu na mikia miwili miwili, wanaoruka kwa nguvu hadi ukasikia. Hao maua hawana haja nayo. Wanataka kilichochacha: ndizi bovu, embe lililoanguka, utomvu wa mti uliojeruhiwa. Mimi huponda ndizi, nikatia pombe ya mnazi kidogo, nikaacha siku mbili kwenye kopo lililofunikwa. Harufu yake si ya kuiweka karibu na dirisha la jirani. Baadhi yao viwavi wao hula majani ya mbambakofi. Mti huo kuuotesha ni kazi, lakini nina mitatu inayokuja vizuri.

Ufugaji wenyewe: usiwalete viwavi ndani ukawajaza kwenye boksi. Wakisongamana wanaumwa, na mmoja akiumwa utaamka wote wameyeyuka kama maji meusi. Shona mfuko wa chandarua, ingiza tawi lenye majani pamoja na viwavi wachache, funga mdomo wa mfuko kwenye tawi. Majani yakiisha, hamisha mfuko. Mfuko huo unakukinga na nyigu, vunjajungu, ndege na mjusi. Haukukingi na majimoto. Wenye mikorosho na miembe mnawajua, hao chungu wekundu wanaoshona majani. Nilipoteza viwavi arubaini usiku mmoja kwa sababu tawi moja la mwembe lilikuwa linagusa mdimu. Kata matawi yote yanayogusana, na kama una meza, miguu yake iwe ndani ya makopo ya maji.

Kiwavi wa ndimu akishiba hutafuta mahali, hujifunga kwa uzi kama mkanda, akawa pupa, yaani lile ganda analolala ndani yake kabla ya kutoka kipepeo. Pupa nzuri ni ya kijani. Za kahawia mimi huzitoa nikazitupa, maana huwa zimeshaharibika.

Ulizeni. Nitajibu ninachokijua.

ShambaKwanza

Kaka, nakuheshimu lakini hapa sikuelewi. 2017 viwavijeshi walinimalizia mahindi ekari mbili, Kakuyuni huku. Viazi vitamu navyo kila msimu kuna kiwavi mkubwa kama kidole, ana pembe mkiani, anafagia. Leo mtu aniambie niwape kiwavi miche yangu? Kiwavi ni kiwavi.

MdimuWaMsabaha

Ndugu yangu, pole kwa hayo mahindi. Mwaka ule nilikuwa na shamba la mjomba, najua ulichokiona. Lakini ninachokuomba ni kimoja: usiseme kiwavi ni kiwavi. Viwavijeshi ni watoto wa nondo aliyetoka Amerika, na chakula chao cha kwanza ni mahindi. Yule wa viazi vitamu mwenye pembe mkiani naye ni mtoto wa nondo. Huyu wa ndimu ukimweka juu ya hindi atakufa njaa akiwa amekaa juu ya chakula. Mdomo wake haulitambui.

Ni kweli kwamba mche mdogo wa ndimu wakiuingia wanaumaliza. Sikufichi. Mdimu mkubwa hata wakiwa kumi hautikisiki, lakini mche wa futi moja wawili tu wanatosha kuukausha. Ndiyo maana nimegawa: ya kuuza naifunika kwa neti tangu ikiwa midogo, yao iko wazi. Nikimkuta mmoja kwenye ya kuuza namhamisha kwa mkono. Mguse mgongoni uone, atatoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, na harufu kali kama ndimu iliyooza. Haumi. Ndiyo silaha yake yote hiyo.

Akiwa mdogo kabisa utampita bila kumwona, ana rangi ya kahawia na weupe katikati, utasema kinyesi cha ndege kimedondokea jani. Akikua ndipo anabadilika kuwa kijani.

BintiLangoni

Assalamu alaikum nyote. Mimi niko Lamu, Langoni. Nimeusoma huu uzi mara mbili. Sisi huku shamba hatuna, nyumba yetu ina kiwanda kidogo (uwanja wa ndani) katikati na juu kuna dari ambapo mama ameweka makopo ya asumini na mrehani. Mama hutunga vikuba vya harusi, kwa hiyo asumini haikauki nyumbani kwetu. Upepo wa chumvi ni mwingi na maji ya kisima si matamu sana. Kuna la kufanya hapo, kaka, au hii ni kazi ya wenye mashamba?

Jambo jingine. Kila jioni baada ya Magharibi, kwenye ile asumini huja wadudu wakubwa, wanasimama hewani bila kutua kama ndege, wana mrija mrefu mdomoni. Bibi yangu alikuwa akiona nondo au kipepeo ameingia ndani husema, "Mgeni yuwaya," yaani mgeni anakuja, na hakuruhusu afukuzwe. Hawa wa asumini ni nini?

MdimuWaMsabaha

Wa alaikumu salaam dada. La kufanya lipo. Mdimu kwenye kopo kubwa unavumilia. Tafuta kopo la lita ishirini, litoboe chini, changanya mchanga na samadi iliyokauka ya punda, nadhani hiyo kwenu haina upungufu. Uweke kiwandani ambako ukuta unakinga upepo, lakini jua lifike angalau nusu ya siku. Osha majani kwa maji matamu mara kwa mara ili chumvi isikae. Usinunue mche uliopulizwa dawa. Ukishindwa kujua, ukae nao mwezi mzima huku ukiuosha, ndipo uufungulie wageni wako. Miche miwili au mitatu ni bora kuliko mmoja, maana viwavi wakiumaliza mmoja unawahamishia mwingine huku wa kwanza ukichipua.

Mrehani uache utoe maua, usiukate wote. Vipepeo wadogo na nyuki wanaupenda.

Kuhusu wadudu wa usiku sina ujuzi wa kutosha. Kuna mzee humu huandika kuhusu msitu, natumaini atapita.

MzeeMrihi

Nimepita.

Binti, hao wa asumini ni nondo. Watu wakisikia nondo wanafikiria yule mdogo wa kijivu anayekula nguo, lakini hao ni jamaa nyingine, wakubwa, wenye nguvu ya kusimama hewani na ulimi unaojikunja kama kamba ya saa. Maua meupe yanayonukia jioni yamejiweka tayari kwa ajili yao: usiku weupe na harufu ndiyo taa. Ukiwa na mpapai, keti karibu nao jua likizama. Utawaona hao hao wakitoka mpapai dume kwenda mpapai jike. Utafiti uliofanywa hapa hapa Kenya umeonyesha kwamba wao ndio wanaoubebea mpapai chavua. Kwa hiyo mtu anayekata mipapai dume yote kwa sababu haizai, kisha anapulizia dawa jioni, asishangae mapapai yakipungua.

Bibi yako alikuwa na adabu na viumbe. Mungu amrehemu kama ametangulia.

Sasa, MdimuWaMsabaha. Mwanangu, umeandika mengi mazuri na nimefurahi. Lakini kuna neno moja lazima nilisahihishe, kwa sababu watu watalifuata. Umesema pupa za kahawia huzitupa. Usizitupe. Kipepeo wa ndimu ana pupa za namna mbili. Kiwavi akijifunga katikati ya majani mabichi hutoka ya kijani. Akijifunga kwenye kijiti kikavu, ukuta au ubao, hutoka ya kahawia, imekwaruza kama gome. Zote mbili ni nzima. Ni kujificha tu, kila mmoja anavaa nguo ya mahali alipo. Iliyoharibika utaijua kwa mengine: imekuwa nyepesi na kavu inalia ndani kama ganda tupu, au imelainika inanuka, au ina kitundu cha mviringo ambacho nyigu mdogo ametokea. Rangi peke yake haikuambii.

MdimuWaMsabaha

Shikamoo mzee wangu.

Nimesoma ujumbe wako nikaufunga, nikatoka nje, nikarudi kuusoma tena. Miaka yote hii. Neti yangu nimeifunga juu ya fremu ya mbao kavu, na viwavi wengi huacha tawi wakapanda kwenye zile mbao. Kwa hiyo zilizokuwa za kahawia zilikuwa nyingi. Nimetupa pupa nzima kwa mikono yangu, wiki baada ya wiki, nikidhani nasafisha.

Kwa mliosoma juu: ile sentensi ya mwisho kuhusu pupa za kahawia ifuteni. Siiondoi ili mtu akiisoma asome na hii pia. Nimeacha kumi na moja za kahawia leo asubuhi. Nitarudi kusema zimekuwaje.

MzeeMrihi

Marahaba mwanangu. Usijilaumu kupita kiasi. Mimi nilipokuwa kijana tulikuwa tukichoma msitu ili kulima, na tuliona ni kazi ya kiume.

Kwa vile umeutaja msitu, niseme kidogo. Arabuko-Sokoke una kiasi cha kilomita za mraba 420, na ni kipande kikubwa zaidi kilichosalia cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Aina za vipepeo zilizoandikwa humo zinapita 250. Ukiingia upande wa miti ya mirihi kuna mwanga, mchanga mweupe, na vipepeo wake. Ukihamia kwenye msitu uliochanganyika wenye mibambakofi, unakutana na wengine. Si kwamba wamegawana mpaka. Kila mmoja yuko palipo na jani lake, kama ulivyoandika mwanzo wa uzi. Jani likiondoka, hata ukipanda maua Malindi nzima, huyo hatakuja tena.

Kuna mmoja nataka nimtaje kwa sababu wengi hawajamwona na yuko kwetu. Argema mimosae, nondo wa kijani hafifu, rangi ya embe changa ndani, mwenye mikia miwili mirefu kuliko mwili wake, na jicho moja juu ya kila bawa. Mara ya kwanza nilimkuta chini ya taa ya duka, asubuhi, watoto wanamchokoa kwa kijiti. Viwavi wake hula majani ya mti wa mng'ongo. Hujifuma ndani ya kifuko cha hariri cha rangi ya fedha chenye vitundu vidogo vidogo, ukikishika ni kigumu kama karatasi ya boksi. Akitoka humo hana mdomo wa kulia. Alichokula akiwa kiwavi ndicho akiba yake yote, na siku zake ni chache. Jike hukaa mahali pamoja usiku akitoa harufu, na dume mwenye vipapasio kama unyoya huifuata harufu hiyo kutoka mbali gizani. Sasa fikiria dume huyo, ana usiku wachache tu, anapita karibu na nyumba yenye taa kali nje inayowaka hadi asubuhi. Anazunguka taa hadi kunakucha. Usiku mmoja umekwisha. Zimeni taa za nje mkilala, au mweke za manjano zisizo kali. Hilo halihitaji shamba wala mtaji.

KijanaWaMaweni

Wakuu, uzi mzuri. Mimi niko wazi, natafuta kazi. Nimesikia vipepeo wanauzwa nje na kuna watu wamejenga nyumba. Ni kweli? Naanzaje? Na soko liko wapi?

MkulimaMijomboni

Nijibu hili kwa kuwa ndio mkate wangu, na nina miaka mingi ndani yake.

Kweli yako hii: kuna Mradi wa Kipepeo pale Gede, ndani ya eneo la magofu, ulioanza 1993. Sisi tunaoishi kandokando ya Arabuko-Sokoke tunafuga, tunapeleka pupa, zinachaguliwa, kisha zinasafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya na Marekani kwenye majumba ya vioo ambako watu hulipa kiingilio kuona vipepeo wakiruka. Inauzwa pupa kwa sababu pupa haili, hainywi na hairuki, inalala kwenye pamba ndani ya boksi. Lakini hailali milele. Ukichelewa siku chache, anazaliwa njiani akiwa kwenye boksi, na huyo hana faida kwa yeyote.

Ulipoanza mradi, wengi wetu vijijini tulitaka msitu ukatwe tugawiwe. Tembo walikuwa wanatoka wanakula mahindi, na sisi kuni tu tukiokota tunakamatwa. Ungeniambia mimi kuhusu kuutunza ningekuona adui. Nilipouza pupa mara ya kwanza nikalipa karo ya mtoto, ndipo nikaanza kumwuliza mtu anayekata mti, "Huo unaukata wa nini?" Maana madume na majike ya mbegu tunayatoa mle. Ukifuga wale wale kizazi baada ya kizazi wanadhoofika, lazima uchanganye na damu mpya ya msituni, na unachukua wachache tu.

Kuhusu kujenga nyumba: ni pesa ya kusaidia, si ya kutajirika. Inapanda baada ya masika na vuli, inashuka wakati wa kaskazi majani yakikauka. Bei inategemea aina, na wa ndimu unaowaona kila mahali hawalipi kama wa msituni walio wagumu kufuga. Na soko ni moja lililo mbali, likifungwa hujui ufanye nini. 2020, tarehe 25 Machi, ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa kwa sababu ya korona, hadi tarehe 1 Agosti. Mimi nilikuwa na pupa zaidi ya mia moja zinangoja. Pupa haijui korona. Walitoka wote nyumbani kwangu. Niliifungua neti wakaenda, watoto wakishangilia, mimi nikihesabu hasara.

Na angalieni madalali. Kuna mtu alikuja kijijini akasema atatulipa mara mbili, tena kwa haraka. Nilimpa mzigo wa wiki tatu. Namba yake haikupatikana tena. Kutoa wadudu hai nje ya nchi kunataka vibali vya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwa hiyo mtu asiyeweza kukuonyesha karatasi usimpe hata pupa moja. Nenda Gede mwenyewe, uliza, jiunge na kikundi cha kijijini, ukae na mfugaji msimu mmoja ujifunze mikono yake.

Na kabla ya yote hayo, kijana wangu, panda majani. Sote tulikosea hapo mwanzoni: mtu anakusanya mayai mia mbili na miche ana kumi. Wiki ya tatu viwavi wanakula kama moto na huna la kuwapa. Unazunguka vijijini na panga unaomba matawi. Kwa aina utakayochagua, pandia mwaka mzima kwanza.

KijanaWaMaweni

Asante sana mzee wangu. Nitakuja Gede wiki ijayo. Huku Maweni nimeona mwingajini kibao na ule mpamba mwitu, nitaanza kuangalia chini ya majani.

ShambaKwanza

Nami niseme. Jana nilikaa kwenye mdimu wa nyumbani nikamwona jike akigonga majani kwa miguu kama ulivyosema. Sijapuliza dawa mti ule wiki hii. Kwenye mahindi msimamo wangu ni ule ule.

MdimuWaMsabaha

Nimerudi na zile kumi na moja.

Siku ya tisa ya kwanza ilianza kuwa nyeusi, nikaogopa. Kesho yake ngozi ikawa angavu, nikaona madoa manjano ya bawa kwa ndani kama picha kwenye bahasha nyembamba. Asubuhi ya siku ya kumi na moja akatoka. Hadi leo wametoka tisa. Moja ilikuwa na kitundu cha nyigu kama mzee alivyoeleza, na moja bado, naingoja.

Mzee Mrihi, Mungu akupe umri.

BintiLangoni

Kaka, hongera. Nami nina habari.

Miche miwili niliipata Mokowe, ikaja na mashua. Niliiosha na kungoja kama ulivyosema. Wiki tatu hakuna kitu, nikaanza kufikiri Lamu hawapo. Kumbe walikuwa wanapita juu, hawajajua tu kama kuna jani huku chini. Siku moja mama alikuwa anatunga asumini, akaniita kwa sauti ya chini, "Njoo polepole." Jike alikuwa ameshuka kiwandani. Akatua kwenye mdimu, akagonga, akapinda tumbo. Mayai manne.

Wawili walipotea, nadhani mjusi, mfuko wa neti nilichelewa kuushona. Wawili wakakua. Mmoja alijifunga kwenye tawi, akawa wa kijani. Wa pili akatoweka usiku mmoja na nikamlilia kabisa. Siku nne baadaye, nikifagia, nikamwona juu ya kizingiti cha mlango wa chumba cha bibi, kwenye ule mbao wa zamani wenye nakshi. Pupa ya kahawia, imekaa ndani ya ua lililochongwa, ukiipita haraka utadhani ni sehemu ya nakshi. Kama singesoma ujumbe wa Mzee Mrihi ningeikwangua kwa ufagio.

Tukaacha kuufunga mlango ule. Wiki nzima ulifungwa kwa kipande cha kanga tu.

Ametoka leo asubuhi. Mama alisimama chini yake na kikuba mkononi, hajakimaliza, hadi alipoanza kupepea. Alizunguka kiwanda mara mbili, akapanda juu ya dari, akapita kwenda upande wa Mkomani. Jirani yetu wa ukuta wa pili ameshaniuliza mche unauzwaje, nami nimemtolea mbegu za ndimu tulizokamua jana.